Gonga, Mjomba, Tusikie

Jumatatu, 3 Machi

Naanza daftari. Si kwa kupenda kwangu. Aliyenishikisha ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, injinia, ambaye sasa ndiye bosi wangu pale karakana. Kaniambia, Mjomba, andika kila siku ulichofanya, kwa ajili yako tu, maana hadithi zako kila ukizisimulia zinaota mkia. Akacheka. Nikacheka. Haya, naandika! Hakuna atakayesoma, kwa hiyo naweza kusema ukweli mtupu: hakuna mtu anayegundisha kama mimi. Shule niliishia darasa la sita, lakini gundi haijawahi kuniuliza cheti.

Tunatengeneza paneli za setilaiti. Mtu akiona anadhani ni ubao uliopakwa rangi nyeusi. Kumbe ni ngozi mbili nyembamba za karboni, na katikati masega ya alumini — vishimo vya pembe sita kama vya nyuki, vyepesi hata ukipiga chafya vinahama meza. Paneli moja ina ukubwa wa mlango na uzito wa mto wa kulalia. Nimewahi kusimama juu yake, imewekwa kwenye matofali mawili, mimi na kilo zangu tisini na sita. Haikupepesa jicho. Na kinachoshika ngozi na sega si msumari wala skrubu. Ni gundi. Yaani ni mimi.

Kesho tunalaza Paneli ya Saba, ya mwisho, ndiyo itakayobeba betri. Na wageni wanakuja, wenye setilaiti yao. Injinia kaniomba nisiongee sana. Mimi?

Jumanne, 4 Machi

Siku kubwa! Wageni wanane, wote ndani ya mavazi meupe na kofia za nailoni, kama wauguzi waliopotea wodi. Mkubwa wao alikaa ofisini na Injinia. Saba wakaachwa kwangu. Nikawapa hadithi ya ile nyumba iliyoungua, enzi zile nagundisha milango ya friji: paa likaanguka, kuta zikaanguka, mlango wa friji niliougundisha mimi ukabaki umesimama peke yake, na maziwa ndani bado ya baridi. Walicheka! Mmoja alilazimika kutoka nje kuvua kofia apumue. Wakaniona nikilaza ngozi ya kwanza, wakapiga makofi. Waliondoka saa sita kamili.

Sasa niandike kazi, kama nilivyoagizwa. Gundi yetu si ya maji. Inakuja kama utando, laini kama karatasi ya kufungia zawadi, na inalala kwenye friza, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Ukiitoa, usifungue mfuko. Iache humo humo kwa muda wa saa sita, ipate joto la chumba. Ukifungua ikiwa bado ya baridi, hewa inageuka maji juu yake, kama chupa ya soda. Hata mfagiaji wetu anajua. Nilitoa mifuko miwili saa mbili asubuhi. Nikafungua saa nane mchana. Kwenye fomu nimeandika saa nane. Injinia akasaini chini yangu, anakimbilia simu. Kasema, ukishasema wewe, Mjomba, yamekwisha.

Paneli imeingia oveni saa kumi. Safi.

Jumatano, 5 Machi

Imetoka. Inang'aa! Miwani akaipitishia mashine yake ya sauti. Huyu ndiye mpimaji wetu. Miwani yenyewe aliacha kuvaa siku nyingi, jina likabaki. Skrini yake ikipaka buluu ni nzuri, ikipaka nyekundu kuna pengo. Leo buluu kona hadi kona.

Halafu Injinia akasema lile neno. "Gonga, Mjomba, tusikie."

Hili si hadithi, hili ni kweli, Miwani mwenyewe shahidi. Paneli ya Pili mashine ilisema buluu, mimi nikaigonga kwa sarafu yangu — ya zamani, haitumiki tena dukani, imesagika hata haijulikani upande gani ni upi — nikasema hapa kuna pengo. Wakabishana nami nusu siku. Wakapima upya. Pengo! Tangu siku hiyo Injinia kaongeza mstari wa mwisho kwenye fomu: imegongwa na fundi; ikitoka oveni nagonga, siku ya kufunga sanduku nagonga tena, ndipo mstari unajazwa. Hakuna paneli inayotoka mpaka niigonge. Palipo pazima panalia tin. Palipo pabaya panalia tok, sauti ya mtu anayejibu akiwa usingizini.

Nikagonga. Tin, tin, tin, mstari kwa mstari. Kona ya chini kushoto nikasimama kidogo. Nikagonga tena.

"Vipi?"

"Safi," nikasema.

Alhamisi, 6 Machi

Nagonga vitu. Meza ya chai. Kabati. Ukuta wa bafuni — una kigae kimoja kimeachia, cha pili kutoka juu. Mke wangu kauliza kama na hiyo meza inakwenda angani. Nimemwambia mikono inazoea kazi. Kasema basi iende kazini, na yeye ana masikio.

Jumamosi, 8 Machi

Haya.

Nimesoma niliyoandika Jumanne. Hata daftari lenyewe linanicheka! Wageni waliondoka saa sita. Waliniona nikilaza ngozi. Sasa nililaza na gundi gani, ikiwa mfuko nilifungua saa nane?

Nilifungua saa nne na nusu.

Walikuwa wamesimama, wametoka mbali, wanataka kuona kitu. Mimi nina mdomo. Nikaweka kiganja juu ya mfuko, nikawaambia mwenzenu sihitaji saa ya ukutani, kiganja hiki ndiyo saa. Nikahesabu mpaka kumi, kwa madoido. Nikasema, imeiva! Nikakata mfuko kwa mkasi. Kukawa na ukungu. Kidogo tu, kona ya chini kushoto, mahali utando ulipokuwa umekunjwa. Ningesimama pale. Ningesema jamani, turudi baada ya chakula. Lakini nilikuwa nimeshasema imeiva. Nikachukua kitambaa kikavu, nikafuta, huku nasimulia habari za maziwa.

Saa nane nilipofika kwenye fomu, mkono uliandika saa nane. Sikuutuma. Au niliutuma. Sijui.

Na Jumatano ile kona haikulia tin. Haikulia tok pia. Ililia katikati. Sijawahi kusikia sauti ile miaka ishirini na tisa.

Jumapili, 9 Machi

Kwa dada. Nyumba imejaa, viti vya kuazima. Kumbe ni sherehe, wamenificha! Mpwa wangu akipitisha setilaiti hii atapewa kuongoza inayofuata, yote, tangu mchoro wa kwanza. Dada kanishika bega mbele ya watu, kasema kaka, huyu ni wako, wewe ndiye uliyemfungua macho. Ni kweli. Alipokuwa na miaka minane, baba yake hayupo tena, nilikuwa namletea vipande vya milango ya friji vilivyokataliwa. Akajenga navyo nyumba ya midoli yenye ghorofa. Nikamfundisha kugonga ukuta na kutaja penye utupu. Alikuwa ananishinda! Shule nzima walimkoma, aligonga mpaka ubao wa mwalimu.

Nikamfuata jikoni. Nikamwita, mpwa wangu. Akageuka, mikono ina povu la sabuni, uso unacheka. Nikasema nataka kukwambia kitu cha Jumanne. Akasema, usijali Mjomba, wageni walikupenda, mkubwa wao kaniambia wafanyakazi wake bado wanaongea habari za friji.

"Ndiyo," nikasema. "Maziwa yalikuwa bado ya baridi."

"Mara ya mwisho yalikuwa mayai, Mjomba."

Jiko zima likaangua kicheko. Nikacheka nao. Kucheka kunaumiza mbavu za chini, sikuwa najua.

Jumatatu, 10 Machi

Leo wamemvuta shahidi. Ndivyo tunavyokiita: kila paneli inagundishwa pamoja na kipande kidogo, kipana kama kiganja, kwa gundi ile ile, siku ile ile. Paneli huwezi kuivunja ili ujue nguvu yake. Shahidi unamvunja. Mashine inamshika ngozi huku na huku na kuvuta.

Shahidi wa Paneli ya Saba kavunja rekodi. Hakubanduka kwenye gundi, alichanika kwenye masega yenyewe! Watu wamenipa mikono. Injinia kanikumbatia mbele ya Miwani, yeye ambaye kazini hukunja uso ili wasiseme anapendelea ndugu.

Shahidi nilimlaza mwisho, baada ya chakula, na gundi ya mfuko wa pili. Ule uliotimiza saa zake sita. Fomu inasema mfuko mmoja.

Nimeshindwa kula. Mke wangu kagusa paji la uso wangu kwa kiganja, kasema huna homa. Kiganja chake kinajua kuliko changu.

Jumanne, 11 Machi

Nilipanga kusema asubuhi. Sikusema.
Nikapanga kusema mchana.
Naandika jioni.

Jumatano, 12 Machi

Wameiingiza kwenye Pipa. Ni tangi la chuma, unaweza kuegesha gari dogo ndani yake. Linanyonya hewa yote mpaka humo ndani pawe kama huko juu, kisha linapika na kugandisha, linapika na kugandisha. Ndiyo maana masega yetu yana vitobo vidogo ubavuni: hewa ikinaswa ndani, ikifika pasipo na hewa inatanuka na kuisukuma ngozi itoke. Na maji ni hivyo hivyo. Tone la maji huku chini ni tone. Kule ni jeki ya lori.

Nimemkuta Miwani kwenye chai. Nikaanzia mbali. Nikasema, hivi kwa mfano, mtu akafungua mfuko mapema kidogo, mashine yako ingeona?

"Yangu inaona pengo," kasema. "Ngozi na sega zikigusana tu bila kushikana, haioni kitu. Wanandoa kwenye picha ya harusi — utajuaje kama wanaongea?"

"Na Pipa?"

"Pipa linaweza kuonyesha. Linaweza lisionyeshe. Hapa tunaipika mara nane. Kule inapikwa mara kumi na tano kwa siku, miaka mitano. Kwani vipi?"

"Nina rafiki yangu."

"Rafiki yako anagundisha setilaiti?"

Nikamwambia, milango. Akaniangalia. Bila miwani ana macho makubwa kama ya bundi, yule. Halafu akasema, huku anapuliza chai, kwamba mfuko ukifunguliwa, anayesaini awe ameona kwa macho yake. Ndiyo sheria. Kwa hiyo huyo rafiki akija kusema, watakayemwita kwanza si yeye. Ni aliyesaini chini yake.

Nikasema nitamwambia rafiki.

Alhamisi, 13 Machi

Pipa linanguruma. Ukutani kuna namba zinapanda na kushuka. Nimesimama pale mpaka walinzi wakaniuliza kama nimepoteza kitu.

Naomba ipasuke humu. Hapana, naomba isipasuke. Ikipasuka humu, watauliza, fomu itafunguliwa, jina lake liko pale chini ya langu, mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Isipopasuka humu ikaenda kupasukia kule juu, na betri zao na kamera zao na kazi ya watu mia mbili — watauliza vile vile, tena kwa sauti kubwa zaidi. Na nikisema leo, watauliza leo. Milango mitatu, na kila mmoja yeye ndiye amesimama kizingitini. Mimi niko nyuma yake, na tumbo langu, na sarafu yangu.

Lakini leo ni paneli moja tu ya kurudia. Wiki tatu. Kule juu hakurudiwi.

Nimeliandika mwenyewe hilo. Nimelisoma mara mbili.

Ijumaa, 14 Machi

Imetoka Pipa. Buluu! Buluu tupu, kona hadi kona. Watu wamepiga kelele kama mpira umeingia wavuni. Jumatatu wanafunga sanduku.

Sasa niandike upumbavu wangu. Walipoipandisha kwenye meza kubwa nilikuwa na spana mkononi. Kubwa, ya kilo mbili. Nikawaza: ikidondoka hapa, kona ya chini kushoto, ngozi inatoboka, paneli inakataliwa, tunatengeneza nyingine, hakuna anayeulizwa saa wala mfuko. Watasema tu mzee kaangusha spana. Watanicheka mwaka mzima. Wanicheke! Miaka ishirini na tisa sijaangusha hata kizibo. Nikaisogeza juu ya kona. Nikalegeza vidole.

Mkono ukaidaka hewani. Si wangu. Wa mpwa wangu! "Mjomba, angalia!" Kisha akanitazama, hasira ikamtoka usoni, kikaja kitu kibaya kuliko hasira. Akaniuliza polepole kama mikono imeanza kutetemeka. Kama nimekwenda kwa daktari. Akaniletea kiti. Mimi! Kiti! Nikakaa.

Miwani kasema hata spana ingedondoka wasingeitupa paneli, wangeziba tundu kwa kiraka ikaendelea na safari. Kasema bila kuniangalia.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu anajua. Sikumwambia. Nilikuwa nagonga meza, akashusha kikombe, akasema: "Hicho kitu unachokitafuta kwenye fanicha zangu, kiko wapi hasa?"

Nikamwambia yote. Tangu kiganja mpaka kiti. Hakunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuoane. Nilipomaliza kauliza swali moja tu: kama Injinia angekuwa mtoto wa jirani, ungekuwa umeshasema? Nikafikiri. Nikajibu, angekuwa mtoto wa jirani nisingesema kabisa.

Akachukua tena kikombe chake. Halafu kasema angalau hilo halina mkia.

Jumatatu, 17 Machi

Naandikia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Benchi. Nimevaa vazi jeupe mpaka kofia, daftari liko juu ya goti. Nimeomba dakika tano, nimesema tumbo.

Sanduku liko wazi kule ndani, lina sifongo nyeusi iliyokatwa umbo la paneli. Mkubwa wa wageni yupo, na wale saba. Mmoja kaniuliza maziwa yanaendeleaje. Miwani kasimama karibu na mashine yake, mikono nyuma. Paneli iko mezani. Inapendeza, niseme kweli, ni nzuri kuliko zote nilizowahi kulaza.

Injinia kaja na fomu kwenye ubao wake wa kubania, na kalamu. Mistari yote imejazwa, imebaki ule wa mwisho. Akawaambia wageni kwamba mashine imesema sawa, na shahidi amesema sawa, na Pipa limesema sawa, lakini hapa kwetu kuna mtu mmoja bado hajasema. Akanigeukia. Kiburi kilichokuwa usoni mwake — sijui niseme nini. Alikuwa na miaka minane.

"Gonga, Mjomba, tusikie."

Nikagonga. Tin. Tin. Tin. Hata mashine ya kupoza hewa niliisikia. Nikashuka mstari kwa mstari. Nikafika kona ya chini kushoto.

Jumatano ile ililia katikati. Leo, baada ya Pipa, si katikati tena. Ni tok, ndogo sana. Upana wa kucha ya kidole gumba. Hakuna mwingine humu ndani angeisikia.

Kisha nikainua macho. Yeye hakuwa ananiangalia usoni. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja limeelekea meza, kama nilivyomfundisha kwenye kuta za mama yake.

Nikasema tumbo. Nikachukua ubao wenye fomu na kalamu, nikatoka.

Sasa anagonga mlango. Taratibu, mara tatu. Mlango huu nao ni wa ngozi mbili, mtupu katikati, umeachia karibu na kitasa.

"Mjomba? Uko sawa?"

Nimemjibu nakuja.

Hajaondoka, naona kivuli cha viatu vyake chini ya mlango. Halafu kasema kwa sauti ndogo, si ya injinia, ile ya jikoni: "Kona ya kushoto, siyo?"

Kalamu ninayo. Nimekata "saa nane." Nimeikata mstari mmoja tu, ili isomeke, ndivyo wanavyotaka. Pembeni nimeandika "saa nne na nusu", nimetia jina langu na tarehe ya leo. Chini yake kuna sahihi yake. Nafasi imebaki ndogo. Nataka kuandika kwamba yeye hakuwepo, kwamba nilimwambia uongo, lakini mstari ni mfupi na mwandiko wangu ni mkubwa, nimefika "Injinia hakuwa" na nafasi imekwisha. Lililobaki nitalisema kwa mdomo, naenda kufungua mlango.